Talanta Mia Zilizokwisha Kutolewa

Soma kwa ajili ya somo hili: 2 Mambo ya Nyakati 25:5–13, Luka 14:28–30, Matendo 16:6–10, 1 Timotheo 5:8, Yakobo 2:15, 16.

Amazia, mfalme wa Yuda, alikuwa akijiandaa kupigana na Edomu. Aliwahesabu askari wake, kisha akaajiri wengine laki moja kutoka Israeli kwa talanta mia za fedha. Fedha zikatoka, askari wakaja. Ndipo mtu wa Mungu alipomwendea na kumwambia awarudishe watu hao kwao, kwa maana Bwana hakuwa pamoja nao. Mfalme hakubishana naye juu ya mapenzi ya Mungu. Alichouliza ni kitu kimoja tu: zile talanta mia nilizokwisha kutoa, itakuwaje?

Ni swali la kibinadamu kabisa, na Biblia haimkemei kwa kuliuliza. Lakini liangaliwe kwa makini, maana ndilo linalomkosesha usingizi baba mwenye familia aliyefika katikati ya jambo.

Fikiria baba wa watoto watatu anayeishi Kahama. Kwa miaka kadhaa amekuwa akipanda kwenda machimbo madogo ya upande wa Geita, akishinda kwenye karasha au akishuka duarani, akilipwa kwa mgao wa viroba vya mawe. Wiki moja anarudi na fedha, wiki tatu anarudi na vumbi. Mkewe analima mpunga. Wawili hao wakaona malori yanayopita usiku na mchana kutoka bandari kavu ya Isaka kuelekea Rwanda na Burundi, wakasema: hapo kuna kazi ambayo haitegemei bahati ya mwamba. Wakauza ng'ombe wawili, wakakopa kidogo katika kikundi cha kuweka na kukopa, naye akaingia kwenye mafunzo ya udereva wa magari makubwa ili apate leseni ya daraja E.

Nusu ya mafunzo imepita. Alama za barabarani anazijua. Ameanza kuzielewa breki za upepo, na jinsi ya kushuka mteremko kama ule wa Sekenke kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki mpaka zishike moto. Lakini kurudi nyuma na trela, ambako usukani huzungushwa kinyume cha mahali unapotaka mkia uende, bado kunamshinda. Fedha ya chakula nyumbani imekwisha. Shule za serikali hazitozi ada, ndiyo, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana havijilipi. Tena amesikia kwamba hata akipata leseni, matajiri wengi wa malori hawampi gari mtu asiye na uzoefu. Ataanza kama utingo. Je, aache?

Darasa la Shule ya Sabato likiulizwa swali hili, jibu la kwanza huja haraka, nalo huja na fungu. Mtu atataja Luka 9:62, mkono kwenye jembe na macho kutazama nyuma. Fungu hilo ni zito, lakini Yesu alikuwa akisema habari za ufalme wa Mungu na wale waliotaka kumfuata. Hakuwa akisema habari za kozi ya udereva. Paulo, ambaye hakuuacha ufalme hata gerezani, alibadili njia ya safari zake zaidi ya mara moja. Katika Matendo 16 alikusudia kwenda Bithinia, akazuiwa, akashuka mpaka Troa bila kujua bado anakwenda wapi. Mtu anaweza kuwa mwaminifu kabisa na akageuza gari.

Jibu la pili nalo ni la kawaida katika ukanda huu. Ni hadithi ya Mwadui. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alitafuta almasi kwa miaka, fedha zikamwishia, hakukata tamaa, na mwaka 1940 akaupata mgodi uliolitangaza jina la Shinyanga duniani. Miaka michache baadaye almasi ya rangi ya waridi kutoka Mwadui ilipelekwa Uingereza kama zawadi ya harusi ya binti mfalme. Hadithi ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba anayesimuliwa ni yule aliyepata. Wale waliotafuta kwa bidii ileile na wakafa na madeni hawana wa kuwasimulia. Uvumilivu wa Williamson haumwambii baba wa Kahama lolote juu ya trela lake.

Wachimbaji wanaijua hali hii kuliko wahubiri. Watu wamechimba duara mita thelathini, mkanda wa dhahabu hauonekani. Anayetaka kuacha huambiwa: tumeshafika huku, ongeza mita mbili tu. Mita mbili zikiisha, maneno ni yaleyale, ila sasa yana nguvu zaidi kwa sababu kilichozikwa mle ni kikubwa zaidi. Angalia jinsi hoja hiyo inavyofanya kazi: kadiri unavyozidi kupoteza ndivyo unavyozidi kuamini kwamba huwezi kuacha. Haina mahali pa kuishia isipokuwa mtu awe hana kitu tena cha kuuza.

Mtu wa Mungu alilikata fundo hilo kwa Amazia. Hakumwambia kwamba talanta mia ni kidogo, wala kwamba atarudishiwa na wale askari. Alimwambia tu kwamba Bwana aweza kumpa zaidi ya hizo. Yaani, fedha iliyokwisha kutoka isikae kwenye kiti cha mwamuzi. Ng'ombe wawili wa yule baba wameuzwa akiendelea, na wameuzwa akiacha. Kwa hiyo hawawezi kuwa sababu ya kuendelea. Kinachoweza kuwa sababu ni kile kilicho mbele: zimebaki wiki ngapi, zitagharimu nini, na mwisho wake kuna nini.

Hapo ndipo Luka 14:28–30 inapofaa. Yule mwenye kujenga mnara aliambiwa akae chini na kuhesabu. Mara nyingi tunalisoma fungu hilo kama onyo kwa wale ambao hawajaanza, lakini hakuna amri kwamba kuhesabu kunaruhusiwa mara moja tu. Aliyefikia kwenye linta anaweza kukaa chini tena. Ndiyo, watu watamcheka. Yesu mwenyewe alitaja kicheko hicho. Mtaani ataitwa dereva nusu. Kicheko kinauma, lakini hakipungui wala kuongezeka kwenye sufuria ya nyumbani, na mtu asikubali wanawe walale njaa ili majirani wasicheke.

Je, 1 Timotheo 5:8 inamaliza mjadala? Hapana, na ni vema kukiri hivyo. Anayetaka aache atalitumia: asiyewatunza wa nyumbani kwake ameikana imani, basi arudi kazini leo. Anayetaka aendelee naye atalitumia: atawatunzaje mwaka kesho bila ujuzi? Fungu linadai nyumba itunzwe. Halisemi kwa mshahara wa leo au wa mwakani. Lakini linamlazimisha baba aulize jambo ambalo wanaume wengi hulipita: ni nani anayelipa gharama ya tumaini langu? Katika nyumba hii anayelipa ni mke, anayelima peke yake, anayejibu wadai wa kikundi mlangoni, na anayepunguza chakula katika sahani yake ili ya watoto isipungue. Ng'ombe waliouzwa walikuwa pia wake. Mwanamke wa Mithali 31 huliangalia shamba na kulinunua. Hasubiri kuambiwa matokeo. Uamuzi wa kuacha au kuendelea ukifanywa na baba peke yake chuoni, au na baba pamoja na mchungaji, umefanywa bila mwenye hesabu.

Kuna maswali mawili ambayo wawili hao wanaweza kuulizana, nayo hayapendezi. La kwanza: kama fedha yote iliyotumika ingerudi leo mezani, je, tungeanza mafunzo haya tena, kwa kujua tunayoyajua sasa? Kama jibu ni hapana, basi kinachowashikilia ni zile talanta mia. La pili linakwenda upande wa pili: kama mtu angejitolea kuwalisha watoto mpaka mafunzo yaishe, je, baba angali angetaka kuacha? Kama ndiyo, basi sababu yake si watoto. Huenda ni hofu ya trela, au aibu ya mtu mzima kusahihishwa na mwalimu kijana. Sauli alipoulizwa juu ya sauti ya kondoo alisema wamehifadhiwa kwa ajili ya dhabihu (1 Samweli 15:15). Familia ni sababu takatifu, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kuficha sababu nyingine.

Sabato nayo isitumiwe hivyo. Ni kweli kwamba migodi mikubwa hufanya kazi saa 24, siku zote saba, kwa zamu, na dereva mgeni hachagui zamu. Ni kweli pia kwamba lori la masafa lina bwana wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Kahama ni karibu kilomita 1,000, na aliyeondoka Alhamisi lazima awe na mpango wa wapi ataegesha Ijumaa. (Jua la Kahama huchwa takribani nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, dereva Mwadventista ajue jua la mahali alipo.) Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya dini, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, lakini haisemi mapumziko hayo yawe siku gani. Basi siku hiyo inapaswa kuombwa na kukubaliwa kabla ya mkataba kutiwa saini, si kudaiwa Ijumaa saa kumi jioni mzigo ukiwa umeshapakiwa. Wala shehena ya saruji si ng'ombe aliyetumbukia kisimani (Luka 14:5).

Yote hayo ni mambo mazito ya kuhesabu. Lakini kama yule baba aliyajua tangu mwanzo na hayakumsumbua, kisha yakaanza kumsumbua siku aliyoshindwa mtihani wa kurudi nyuma, aseme kweli mbele za Mungu. Tena akumbuke kwamba anakotaka kurudi si mahali patupu. Duarani kuna kifusi, kwenye kuoshea dhahabu kuna zebaki, na wapo wanaochimba Sabato pia. Hata ajira ya mgodi mkubwa haina umilele: Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Ujuzi wa kuendesha gari zito unaweza kuhama na mtu, shimo haliwezi.

Kwa hiyo, kama kilichobaki ni wiki chache, na mke ameona hesabu na kukubali, kuna hoja nzuri ya kumaliza. Kama kumaliza kunataka mkopo mpya kwa dhamana ya kiwanja wanachoishi, hoja nzuri ni kuacha, au kusimama kwa msimu mmoja baada ya kuuliza chuoni kama anaweza kurudi alipoishia. Hakuna dhambi katika lolote kati ya hayo.

Dhambi inaweza kuwa kwa darasa. Yakobo 2:15, 16 inamtaja ndugu aliyepungukiwa na riziki, na mtu anayemwaga kwa maneno mema. Katika makanisa mengi ndugu akieleza shida kama hii ataambiwa avumilie, kisha ataombewa, kisha kila mtu ataondoka. Wanaomshauri aendelee wanamshauri mkewe alipe. Kuna wakati ambapo gunia moja la mchele na nauli ya mwezi mmoja ndivyo vitu pekee vilivyosimama kati ya mtu na leseni yake, na darasa la watu kumi na wawili linaweza kuvipata bila kuuza kitu.

Irudiwe habari ya Amazia, kwa kuwa wasomaji wengi huishia aya ya tisa. Aliwarudisha wale askari. Alifanya sawasawa. Lakini walikasirika, na njiani wakaishambulia miji ya Yuda, wakaua watu elfu tatu na kuteka nyara nyingi (2 Mambo ya Nyakati 25:13). Utii haukumrudishia talanta zake, wala haukuzuia hasara nyingine isiyotazamiwa. Baba wa Kahama akiacha, wadai wa kikundi bado watakuja, na siku moja atamwona mwenzake wa darasa akipita Isaka na semitrela. Akiendelea, huenda watoto wakamaliza muhula wakiwa wamekonda na yeye akaambiwa asubiri gari kwa miezi sita. Matokeo mabaya peke yake hayathibitishi kwamba walichagua vibaya.

Sabato hii, kabla ya darasa kufungwa, mwalimu aulize: je, yupo miongoni mwetu aliyesimama katikati ya jambo kama hili sasa hivi, na mkewe au mumewe anasemaje?