Nani Atamsemea Askari?

Somo: 1 Samweli 14:24–45



Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wakipanga viti, kijana wa ushirika wetu aliyesomea uwakili alinivuta kando. "Mchungaji, askari akishtakiwa kosa baya, lile ambalo nchi nzima inalizungumzia, mimi niliyeokoka naweza kusimama nikamtetea? Mama ameniambia nikichukua kesi kama hiyo, nisimletee hiyo pesa nyumbani."

Sikumjibu hapo hapo. Mama yake si mjinga. Ni mtu wa pwani hii, na watu wa umri wake wanakumbuka mambo.

Mwaka 1980 meli za kivita za Marekani zilikuwa zikitia nanga Mombasa. Baharia mmoja wa miaka 19 alimuua mwanamke Mkenya, Monica Njeri. Alikiri mahakamani kwamba alimuua bila kukusudia. Jaji akamwachilia kwa dhamana ya shilingi 500, awe na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Basi! Roho ya mtu, shilingi 500. Nchi ilikasirika, na ilikuwa na haki ya kukasirika. Kwa hiyo mama akisikia "kumtetea askari", anachosikia ni "kumficha askari".

Lakini hebu tuangalie upande wa pili, tena si mbali. Mtongwe ni hapo tu, ukitoka Likoni. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanamaji wetu wa zamani zaidi ya 20 kifungo cha maisha kwa kosa la kutoroka jeshi. Walikuwa wameacha kazi wakaenda kufanya ulinzi kwa kampuni za Kimarekani huko Mashariki ya Kati. Hawakuwa wameua mtu. Walifuata mshahara, kama vile vijana wetu wa Ukunda na Msambweni wanavyopanda ndege kwenda Ghuba. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wamekula kiapo.

Sasa, kiapo ni kiapo. Askari si kibarua wa kuacha jembe shambani akaenda zake. Na rufaa zao ni mambo ya mawakili, sitayaingilia. Ila jiulize swali moja. Sheria ya jeshi letu haimpimi mtoro wa wakati wa vita sawa na mtoro wa wakati wa amani. Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Basi kwa kila mshtakiwa wa namna hii lazima mtu aulize: huyu aliondoka lini? Siku hiyo tulikuwa vitani? Aliandika barua ya kuacha kazi? Barua ilijibiwa? Katika maswali hayo madogo ndimo mna tofauti kati ya miaka michache na maisha yote. Nani atayauliza?

Hapo ndipo nimekumbuka Yonathani.

Mnaijua habari. Mfalme Sauli aliwaapisha askari wake kwamba yeyote atakayekula kabla ya jioni amelaaniwa. Yonathani hakuwapo kiapo kilipotolewa. Alipita msituni, akachovya ncha ya fimbo kwenye asali, akaonja, macho yake yakapata nuru. Jioni kura ikamwangukia. Hakukana. Alisema wazi kwamba ameonja asali kidogo, na yuko tayari kufa. Mfalme, ambaye ni baba yake mzazi, akakata hukumu: kufa utakufa.

Wapendwa, hiyo ni mahakama ya kijeshi. Kuna amri, kuna askari aliyeivunja, kuna kukiri, kuna mkuu wa jeshi mwenye hasira. Kila kitu kiko tayari isipokuwa kimoja: mtu wa kumsemea.

Angalieni mstari wa 39. Sauli alipouliza, hata mtu mmoja katika watu wote hakumjibu. Walikuwepo waliojua. Walinyamaza. Nani anataka kumjibu mfalme akiwa amekasirika? Lakini hukumu ilipotajwa, walishindwa kunyamaza zaidi. Na hawakudanganya. Hawakusema Yonathani hakuonja asali, wala hawakusema kiapo ni mchezo. Walileta kile ambacho hasira ya mfalme ilikuwa imekisahau: kwamba huyu ndiye aliyefanya kazi kubwa siku ile, na Mungu alikuwa pamoja naye. Hata unywele wake mmoja hautaanguka chini, walisema. Wakamwokoa.

Huo ndio utetezi. Mtetezi halazimiki kusema hakikutendeka kilichotendeka. Kazi yake ni kuhakikisha adhabu inalingana na tendo lenyewe, si na ghadhabu yetu.

Utasema, "Mchungaji, Yonathani hakuisikia amri. Je, yule aliyeisikia? Yule aliyeua kweli?" Swali zuri, na silikimbii. Turudi 1980. Ubaya wa kesi ile haukuwa kwamba baharia alikuwa na wa kumtetea. Ubaya ni kwamba hukumu ilipotoka, uhai wa Monica Njeri ulikuwa mwepesi kwenye mizani. Dawa yake si kumnyang'anya mshtakiwa wakili. Dawa ni aliyekufa naye awe na wa kumsemea kwa nguvu ile ile. Mizani ina sahani mbili, na ukivunja moja haipimi tena.

Tena askari ana shida moja ambayo mimi na wewe hatuna. Siku hizi mahakama ya kijeshi huongozwa na mwanasheria anayeteuliwa na Jaji Mkuu, lakini wanaokaa pamoja naye ni wanajeshi. Mshtakiwa amefunzwa tangu siku ya kwanza ya kwata kwamba mbele ya watu wa namna hiyo jibu ni "ndio, afande". Leo aseme "hapana, afande, haikuwa hivyo"? Ni vigumu, jamani. Wakili wa kiraia ndiye mtu ndani ya chumba kile asiyelazimika kupiga saluti. Anaweza kuuliza swali ambalo koplo hawezi kumuuliza meja.

Na tukihukumu kwa haraka, deni hilo hulipwa baadaye. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga kwa mamia walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Wako waliokuwa na hatia kweli. Lakini kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alifungwa miaka minne, na zaidi ya miaka 25 baadaye mahakama za kiraia zikaona kwamba haki zake zilivunjwa, zikaamuru alipwe fidia ya mamilioni. Pesa hizo zingemrudishia nini? Ujana? Cheo? Jina mbele ya majirani?

Ndiyo maana Katiba yetu ya 2010 inaruhusu baadhi ya haki za wanajeshi zipunguzwe na sheria, lakini haki ya kesi ya haki, katika kifungu cha 25, haipunguziki kwa mtu yeyote. Askari tumemwomba awe tayari kufa kwa ajili yetu. Hatuwezi kumwambia kwamba siku akianguka hatutamsikiliza hata kidogo.

Kijana wangu nilimjibu Jumatano, baada ya maombi. Nilimwambia: mtetee, lakini kwa masharti matatu. Usiseme uongo kwa ajili yake. Usimchafue marehemu wala walioumizwa ili mteja wako aonekane msafi. Na akikuambia siri ya kosa lake, usimwache eti kwa sababu sasa unajua; hapo ndipo anapohitaji mtu wa kumshauri akiri, aombe msamaha, na abebe adhabu inayomstahili bila kuongezewa ya watu wengine.

Kisha nikamwambia akamweleze mama yake. Nasikia walizungumza mpaka usiku, na mama bado hajakubali yote. Ni sawa. Hata yeye anamsemea mtu: anamsemea yule aliyekufa mwaka 1980. Aendelee.

Tafakari ya wiki

1. Ni nani umemhukumu juma hili kwa habari uliyoisikia kwenye matatu au kwenye simu, kabla hujamsikia mwenyewe?

2. Katika familia au ushirika wako, ulijua ukweli kuhusu mtu ukanyamaza kama watu wa mstari wa 39? Bado kuna nafasi ya kusema?

3. Ukimtetea mtu wako, je, aliyeumizwa na mtu huyo umemwendea?