Mzigo wa Mwalimu

Kila kazi njema ina maadui wawili: asiyeipenda, na aipendaye kupita nguvu zake. Wa kwanza huikataa mlangoni; wa pili huibeba kwa furaha hata ikamwangusha njiani. Katika ualimu, nathubutu kusema, huyu wa pili si adui mdogo.

Mfano ulio karibu nami ni darasa lililogeuzwa. Mwaka 2007 Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Woodland Park, Colorado, Marekani, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Baadaye waligeuza mpango wote: maelezo ya mwalimu yakawa ya nyumbani, na saa ya darasani ikawa ya mazoezi, maswali na majadiliano. Shabaha hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ikuze akili ya kudadisi. Nani atadadisi ikiwa saa nzima ananakili ubao?

Nilianza kufundisha hivyo mkoani Iringa, katika somo la ushairi. Kila juma nilirekodi maelezo mapya ya vina, mizani na bahari za mashairi, nikatunga maswali, nikajibu ujumbe wa wanafunzi hata usiku wa manane. Darasa lilichangamka. Waliozoea kukariri kanuni sasa walihesabu mizani kwa vidole, wakabishana juu ya kina cha kati, wakatunga wenyewe. Lakini muhula haujafika nusu sauti yangu ilikuwa imekauka, na watoto wangu nyumbani walikuwa wamezoea kuuona mgongo wangu kuliko uso.

Tena nilitenda kosa kubwa zaidi. Siku moja niliwasimamisha wote ambao hawakusikiliza somo. Binti mmoja akasema kwa upole, "Samahani, Mwalimu. Simu yangu niliiuza nilipe kodi ya chumba." Darasa likanyamaza, nami nikanyamaza. Nilikuwa nimeuondoa mzigo begani mwangu nikamtwika mwenye bega jembamba, kisha nikamlaumu kwa kuyumba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile niliuona uzito wa usufi.

Mwaka uliofuata nilialikwa Mbeya kutahini. Nilimweleza mwalimu mwenzangu mmoja habari zangu, akacheka bila dharau. "Ndugu yangu," alisema, "wewe walima mahindi. Sisi tumepanda chai."

Mtu wa nyanda hizi hahitaji kufasiriwa neno hilo. Mahindi huanza na jembe kila msimu. Mavuno ya mwaka jana hayakusamehe jasho la mwaka huu. Chai ya Mufindi na ya Rungwe hupandwa mara moja, hupogolewa kwa wakati wake, na huchumwa miaka mingi. Walimu wale walikuwa watatu, wakagawana masomo, kila mmoja akitayarisha machache. Mwaka wa pili hawakuanza upya. Walipogoa mahali wanafunzi walipojikwaa tu. Maelezo yalikuwa mafupi, na nakala yake ya karatasi ilikaa maktaba kwa asiye na simu. Maswali yaliletwa darasani, wala hayakumfuata mwalimu kitandani.

Nilirudi Iringa nikafanya vivyo hivyo, nikapunguza masomo yaliyogeuzwa yakawa manne kwa muhula. Yule binti alisoma kwenye karatasi, na hoja zake hazikuwa duni kuliko za wenye simu.

Mtu aweza kuuliza: je, mwalimu mwema ana haki ya kujihurumia? Si ualimu ni wito? Naam, ni wito. Walakini wito si ruhusa ya kumkamua aliyeitwa. Ajitoaye mzima kwa wanafunzi wa mwaka mmoja akachoka, amewapa hao fungu lao na fungu la wale watakaofuata. Huo ni ukarimu kwa macho, lakini katika mizani ya haki ni upendeleo. Na chuo kinachosifu njia mpya bila kuhesabu saa za matayarisho kuwa ni kazi, kinakopa kwa mwalimu bila nia ya kulipa.

Sisemi haya kumtetea mvivu. Mvivu hupunguza kazi ili apumzike. Mwenye busara huipunguza ili idumu. Basi na tupime kila njia ya kufundisha kwa maswali mawili: je, mwalimu ataweza kuifanya tena mwaka ujao? Na je, mwanafunzi maskini kuliko wote ataweza kuifuata? Jibu la moja kati ya hayo likiwa la, hiyo ni fahari ya msimu, wala si elimu ya kudumu.