Kibao Changu cha Kisasa

Mwaka 1994 nilifungua chumba cha kuchapa barua mjini Morogoro, nikiwa na taipureta mbili na meza ya kuazima. Fundi wa mabango aliponiuliza nataka herufi gani, nilimwonyesha tarakimu zilizo chini ya hundi, zile zenye vinundu, nene hapa, nyembamba pale. Akacheka. “Humu hakuna A wala B, bwana. Lakini ndugu zao nawajua.” Akaandika: UCHAPAJI WA BARUA NA MIKATABA.

Haikupita wiki akaja mzee mmoja kutoka Kilosa, amekumbatia madaftari ya hesabu za ushirika wao. Alitaka ziingizwe kwenye kompyuta.

“Shikamoo mzee. Kompyuta hatuna.”

“Marahaba. Mbona mmeandika mnayo?”

Nikamtoa nje, nikamwambia asome kibao neno kwa neno. Akasoma, akanyamaza, akaenda zake stendi.

Kwa muda mrefu nilijiona sina kosa. Neno kompyuta halikuwapo. Je, umbo la herufi laweza kusema uongo?

Zile tarakimu za hundi zilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950. Alama zake ni 14 tu: tarakimu kumi na ishara nne. Huchapwa kwa wino unaoshika sumaku, na vile vinundu vipo ili kila tarakimu ilete mtikisiko wake mbele ya mashine. Hakuna pambo pale. Ni kazi tupu. Ndipo wachoraji wa Uingereza wakalipenda lile umbo wakalitungia alfabeti nzima: Leo Maggs akatoa Westminster katika miaka ya 1960, Bob Newman akatoa Data 70 mwaka 1970. Mashine ya benki haiwezi kusoma hata herufi moja ya alfabeti hizo. Umbo limebaki, sababu yake imeachwa.

Sisemi ni dhambi. Juu ya jalada la riwaya ya safari za nyota herufi hizo hazimdanganyi mtu, maana msomaji ameingia kwa hiari yake katika mambo ya kubuni. (Na siku hizi vijana huziona za kizamani, wakati ujao nao huzeeka.) Lakini kibao cha duka ni ahadi. Mimi nilichagua umbo lile kwa sababu moja tu: wapita njia wadhani nina kitu nisichokuwa nacho. Mzee alisoma sawasawa kile nilichokusudia asome. Halafu nikamsimamisha juani nikamfundisha kusoma, kana kwamba mjinga ni yeye. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko rangi ya kibao.

Nilikishusha baada ya miezi miwili. Nauli ya mzee sikuirudisha. Siku ile sikumwuliza hata jina.