Herufi za Jina na Tabia ya Mtu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

SUALA. Wazazi wa hapa Mwanza na wa visiwa vya Ukerewe na Ukara huuliza: Mtoto wetu ni mkaidi, na mpiga falaki ametwambia kuwa nyota ya jina lake ni ya Moto, na jina lenyewe ni zito, tulibadili. Na wengine huambiwa wairudishe posa, kwa kuwa mume ni Moto na mke ni Maji. Je, jambo hili lina asili katika dini?

JAWABU. Jueni, ndugu zangu, ya kwamba hesabu hii huitwa abjadi. Kila herufi katika zile 28 za Kiarabu ina thamani yake: alifu 1, be 2, jimu 3, hata ghaini 1000. Wanavyuoni wameitumia kuwekea tarehe vitabu na mashairi, na hapo hapana ubaya. Lakini mpiga falaki hulitwaa jina la mtu na la mamake, akayajumlisha, akagawa kwa 12, na kinachobaki ndicho akiitacho nyota. Kisha nyota hizo huzipanga katika Moto, Udongo, Upepo na Maji, akampa kila mtu tabia yake.

Basi na tuipime hesabu kwa mizani yake yenyewe. Mtwae Saleh mwana wa Fatuma. Saleh ni 129 na Fatuma ni 135, jumla 264. Ukigawa kwa 12 hapabaki kitu, nayo huhesabiwa nyota ya 12, Hutu, ya Maji. Walakini watu wa Maghribi huipa swadi 60, si 90 kama watu wa Mashariki. Kwao jumla ni 234, hubaki 6, nayo ni Sumbula, ya Udongo. Saleh ni yuleyule na mamake ni yuleyule. Tabia ipi ni yake? Na jina kama Magesa, ambalo Kiarabu hakina g yake, huyu ataliandika kwa ghaini, 1000, na yule kwa kafu, 20. Elimu gani hii igeukayo kwa kalamu ya mwandishi?

Tena kumbukeni tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza wakafa mamia ya watu, wenye majina ya kila namna. Je, wote walikuwa wa nyota moja? Hasha.

Huenda mtu akatoa hoja ya Hazn, babu yake Said bin Al-Musayyab. Jina lake maana yake ni ugumu. Mtume (S.A.W.) alimtaka ajiite Sahl, yaani mwepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na babake, na Said amesimulia kuwa ugumu haukuwatoka watu wa nyumba yao. Ameipokea Bukhari. Jibu ni kwamba Mtume alitazama maana ya jina, wala hakuhesabu herufi. Vilevile alimgeuza jina Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila, mzuri. Jina jema ni dua na ukumbusho kwa mwenye kuitwa, nalo ni haki ya mtoto juu ya mzazi wake.

Ama kumwendea mtabiri na kumwuliza, amepokea Muslim kuwa sala ya mtu huyo haikubaliwi siku 40. Na Ibn Abbas aliwakemea wenye kuandika abjadi na kutazama nyota, akaona hawana fungu mbele ya Mungu. Ghaibu haijui ila Yeye peke yake, kama tufundishwavyo katika Sura An-Naml, aya ya 65.

Tazameni na madhara yake. Baba aliyeambiwa mwanawe ni Moto huacha kumfunza, kwani ati ndivyo alivyoumbwa. Na mtoto asikiaye hayo kila siku huyasadiki. Binti naye hukoseshwa mume mwema kwa hesabu ya kugawa. Enyi wazazi! Mposaji muulizeni dini yake na tabia yake. Mtoto mkaidi mkalisheni karibu, mfundisheni adabu kwa upole, mchungeni na marafiki wabaya, na mwombeeni dua kwa jina lake lilelile.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu. Amin. Wallahu aalam.