Nani Aliyemvua Samaki?

Katika miezi ya kaskazi, tangu Novemba hata Machi, bahari ya Watamu na Malindi huwa shwari kuliko wakati wa kusi, nao sulisuli husogea karibu na pwani wakifuata samaki wadogo. Ndiyo majira ambayo wageni wa Ulaya, na siku hizi watu wa Nairobi vilevile, hukodi mashua pamoja na nahodha na mabaharia wake, wakavue mchana kutwa, si kwa kutafuta kitoweo bali kwa kujiburudisha. Sisi nasi, kwa wema wa rafiki aliyebakiwa na nafasi moja, tulikwenda. Yale tuliyoyaona twataka kuyaweka mbele ya wasomaji wetu.

Burudani yenyewe hatuilaumu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba kama vile mwili unavyochoka ukahitaji kupumzika, ndivyo na roho, na ya kuwa mchezo wa kiasi ni tendo la fadhila. Wako watu wema wanaodhani kwamba Mkristu akicheka sana amekwisha kutenda dhambi. Tomaso hakuwa mmoja wao.

Basi alfajiri tulivuka hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, ambamo ni marufuku kuvua, tukatoka nje ya mwamba. Baharia mmoja, mtu wa makamo, alikuwa ameketi tezini tangu kabla ya sisi kufika, akishona samaki wadogo kwa uzi kwenye ndoana. Yeye ndiye aliyekiona kivuli nyuma ya chambo, wakati sisi sote tulipokuwa tukinywa chai. Aliulegeza mshipi, akahesabu kwa sauti ya chini, akaukaza. Ndipo akamkabidhi mgeni mwanzi. Sulisuli akaruka juu ya maji, pezi lake la mgongoni limetanda kama tanga. Mgeni alivuta, akatoka jasho, akashangiliwa.

Samaki alipofika ubavuni, baharia yule alivaa glavu, akamshika mdomo mrefu, akamchoma alama ndogo yenye nambari mgongoni, akamtoa ndoana. Kisha akaendelea kumshika mashua ikienda polepole, maji yapate kupita katika matamvua yake, hata nguvu zikamrudia akazama. Nambari ile iliandikwa katika kadi, pamoja na tarehe, mahali na uzito wa kukadiria, ili akivuliwa tena ijulikane amesafiri umbali gani. Hayo twayasifu. Katekisimu ya mwaka 1992 yatufundisha kwamba kuwatesa wanyama bure hakupatani na heshima ya mwanadamu. Na anayemchosha samaki hata kufa kwa ajili ya picha tu, na aiulize dhamiri yake.

Lakini katika kadi ile tuliyoiona, samaki alikuwa na nambari, mashua ilikuwa na jina, nahodha na mgeni kadhalika. Mtu wa tezi hakuwamo. Tulipowauliza wenzetu anaitwaje, hakuna aliyejua, ingawa tulikuwa tumekula naye mkate mmoja tangu asubuhi.

Tulimkumbuka Mwinjili Marko. Anapoeleza jinsi Yakobo na Yohane walivyoitwa, asema kwamba walimwacha baba yao Zebedayo chomboni pamoja na watu wa mshahara. Mathayo aisimulia habari hiyo hiyo bila kuwataja watu hao, Marko hakuwasahau. Wana wa Zebedayo waliondoka wakawa Mitume, nao watu wale walibaki na nyavu. Nani aliwalipa jioni ile?

Swali hilo si la mzaha. Mtu wa tezi alitwambia kwamba hulipwa kwa siku ambayo mashua imetoka. Kusi likivuma, mashua hupandishwa pwani, na mshahara hupandishwa nayo. Bakshishi hutolewa mkononi mwa mwingine, na humfikia iliyosalia, kama imesalia. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika mwaka 1891 kwamba kumpunja mfanyakazi ujira wake ni kosa kubwa, naye Mtume Yakobo alikwisha kusema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele hata masikioni mwa Bwana. Wewe unayekusudia kukodi mashua Noeli ijayo, muulize mtu wa tezi jina lake kabla hujavuka mwamba, na haki yake uitie mkononi mwake mwenyewe.

Jioni tulirudi na bendera ndogo ya sulisuli ikipepea, na jodari watatu wa mashua. Wageni walisimama mchangani wapigwe picha pamoja na jodari. Aliyepiga picha hiyo ni yeye, kwa hiyo hayumo.

Tulimwendea, tukamwuliza jina. Alitutajia lake na la baba yake, akacheka kidogo kwa mshangao. Hatulichapi hapa, maana hatukumwomba ruhusa. Kisha akaendelea kuisuuza mianzi kwa maji baridi, kuiondoa chumvi, kwani alfajiri mashua ingetoka tena.