Sikio la Mtafiti: Usaili, Hojaji na Haki ya Msailiwa

Hojaji humtambulisha mtafiti kabla hajanena. Mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, akikabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kuulizwa iwapo yeye husema "macho" au "mato", huenda akalitambua jibu la shuleni kabla ya kulikumbuka la nyumbani. Atatia alama penye "macho", kisha amwite mjukuu wake aje "nde". Hajasema uongo. Ameulizwa juu ya heshima yake, naye amejibu juu ya heshima yake; ni mtafiti aliyedhani kuwa ameuliza juu ya konsonanti.

Tatizo hili ndilo William Labov, mwanaisimujamii wa Marekani, alilolieleza kuwa kitendawili cha mtazamaji: lengo ni kujua watu wazungumzavyo wasipotazamwa, ilhali njia ya kulijua hilo ni kuwatazama. Mnamo 1962, katika maduka matatu makubwa ya New York, alikikwepa kitendawili hicho kwa kujifanya mteja. Aliulizia bidhaa aliyojua kuwa iko ghorofa ya nne, akajifanya hakusikia ili ajibiwe tena, kisha akaenda kando kuandika jinsi sauti /r/ ilivyotamkwa. Wafanyakazi 264 walimpa data bila kujua. Udanganyifu huu ni mdogo. Maelekezo yale wangempa mteja yeyote.

Mbinu yake nyingine ndiyo inayohitaji kupimwa kwa makini zaidi. Katika usaili mbele ya kinasa sauti, msailiwa aliulizwa kama aliwahi kuwa katika hatari ya kuuawa. Haja ya swali hilo haikuwa kifo. Anayesimulia jinsi alivyoponea chupuchupu hukisahau kinasa sauti, na lugha yake ya kila siku hujitokeza. Kitaaluma, huo ni werevu mkubwa.

Hata hivyo, swali hilo likiulizwa viungani mwa Eldoret au Naivasha, kulikokumbwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na kuua zaidi ya watu 1,100 nchini, hubadilika sura. Mama aliyekubali kusailiwa juu ya matumizi ya lugha sokoni hujikuta akisimulia usiku nyumba yake ilipochomwa, mbele ya kijana anayesikiliza irabu. Huruma usoni mwa kijana huyo yaweza kuwa ya kweli. Lakini kazi yake haihitaji iwe ya kweli, na hapo ndipo penye doa.

Yupo atakayesema kuwa mama alitia saini. Naam, alitia, ila kwa lile lililoandikwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaitaka ridhaa iwe mahususi na ya mtu aliyeelezwa; hakuna fomu iliyomweleza mama huyu kuwa machozi yake yangetumiwa kulegeza lafudhi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba baadhi ya watu wanatamani kusikilizwa, na kuwanyima swali ni kuwadharau. Ni kweli. Lakini atamaniye hivyo ataka kisikilizwe kisa chake, wala si matamshi yake.

Basi mtafiti na akizime kinasa, amweleze msailiwa alichokuwa akikitafuta, kisha amwachie yeye aamue iwapo sehemu ile ibaki au ifutwe. Yapo masimulizi yatakayofutwa, na yamkini yatakuwa yale yenye irabu bora.