Safira Aliulizwa Peke Yake
Somo: Matendo ya Mitume 5:1-11



Tukisoma habari ya Anania na Safira, tunakimbilia vile vifo viwili. Leo angalieni saa. Mume alianguka, akazikwa, na kama saa tatu baadaye mke akaingia bila kujua lolote. Petro hakumbebesha jibu la mumewe. Alimuuliza upya, yeye mwenyewe, kuhusu bei ya shamba. Mlango wa kusema kweli ulikuwa bado wazi kwake.

Naleta jambo hili kwa ajili ya walioachana kortini. Talaka ni kidonda, na sijaja kukitonesha. Lakini ikishatoka, hesabu nazo zinatengana. Zamani Sheria ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 45, ilihesabu mapato ya mke anayeishi na mumewe kuwa ya mume. Katiba ya 2010 ikatupa haki sawa: tukioana, ndani ya ndoa, na ndoa ikivunjika. Basi hata jibu ni lako.

Tuseme mama amegawiwa vyumba vinane hapa Voi, 5,000 kila kimoja. Wapangaji wanamtumia yeye kwa M-Pesa, lakini KRA bado wanavijua vyumba kwa PIN ya baba. 40,000 kwa mwezi. Tangu Januari 2024 kodi ya mapato hayo ni asilimia 7.5, yaani 3,000, ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mama anasema, "Wacha alipe yeye, alivyonitesa!" Ikifika Juni anaenda saiba, anajaza ritani ya sufuri.

Uchungu wake ni wa kweli. Lakini ile sufuri inamshuhudia uongo mtu mwingine, na amri ya Mungu haikusema jirani awe mwema kwanza.

Na baba? Mara nyingi yake ndiyo kubwa zaidi, tusifichane. Kortini anaapa biashara imekufa, ili matunzo ya watoto yawe kidogo. Akienda benki kuomba mkopo, biashara hiyo hiyo imefufuka! Mithali 20:10 inamjua mtu wa mizani mbili. Hapo anayepunjwa ni mtoto wake, anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Utaniambia pesa za kodi zinaliwa. Zinaliwa, ndiyo, na tuseme hivyo hadharani. Ila anayejaza sufuri gizani hajapinga wizi wowote, amejificha tu. Tena Kiswahili chetu kinatubana: mpangaji akichelewa siku mbili tunabisha mlango tukidai kodi. KRA nao wanadai nini? Kodi.

Kwa hiyo mama yangu wa vyumba vinane, peleka hati zako, vyumba viandikwe kwa PIN yako. Utaanza kulipa 3,000 ambazo hukuwa ukilipa, na yule aliyekuumiza atapata nafuu ambayo hakuifanyia kazi. Hilo siwezi kukupambia.